Firigisi ya Bata wa Bustani

Benchi letu ni taruma la reli. Usiniulize lilitokaje stesheni likafika hapa kwenye kona ya bustani ya manispaa, mimi nililikuta. Linatosha watu wanne wanaopatana au watatu wanaobishana, ndiyo maana kila siku lina watatu. Mbele yake pana jiko langu, birika, ndoo ya kusuuzia vikombe, na sahani ya kashata niliyoifunika kawa kwa sababu ya nzi na kwa sababu ya mteja wangu Gugo. Mimi ni Masudi. Babu yangu alikuja Shinyanga na birika hili kutoka Ujiji, akamwachia baba, baba akaniachia mimi, pamoja na ugonjwa wa kusikiliza maneno ya watu. Na maneno ya mwezi huu mzima ni bata.

Siyo bata wa kufugwa, wale wanaovuka barabara kama wana hati ya kiwanja. Bata mwitu. Mvua zilipojaza bwawa la katikati ya bustani, ambalo miaka yote lilikuwa shimo la chupa za plastiki, asubuhi moja tukawakuta humo kumi na mmoja. Wembamba, shingo ndefu, nyuso nyeupe kama wamejipaka unga, na badala ya kulia kama bata wenye adabu, wanapiga mluzi. Tangu siku hiyo benchi halijajadili mpira wala siasa. Wanakunywa kikombe kimoja saa nane mchana, wanakishikilia mpaka kinapoa, halafu wananiomba nikipashe moto. Kahawa ya kupashwa! Babu angefufuka angenichapa.

Jumatatu ninayotaka kuisema, wa kwanza kufika alikuwa Mzee Zamoyoni, tunamwita Katibu. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, amestaafu, lakini bado akikutazama unahisi anakukadiria kilo. Ana methali kwa kila jambo, na kila methali anaipachika pasipo pake.

Mimi: Shikamoo, mzee.

Katibu: Marahaba. Wamepiga mluzi mara ngapi leo?

Mimi: Mzee, mimi nauza kahawa. Sihesabu miluzi.

Katibu: Haba na haba hujaza kibaba. Ungehesabu.

Akafuata Boaz fundi simu, jina la benchini Gugo, maana hakuna kitu duniani ambacho hajakisoma mahali. Ukimuuliza wapi, anakwambia "mtandaoni", kana kwamba ni kijiji jirani.

Katibu: Nimeshapata jibu la hawa bata. Wametoka Ibadakuli.

Gugo: Ibadakuli kuna bata mwitu?

Katibu: Kuna uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa inakuja kutua, hawa wako angani na safari zao, wakaiona, wakaifuata. Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Ile ndege nyeupe, hawa nyuso nyeupe. Kesi imekwisha.

Gugo: Mzee, ile ndege ni bati.

Katibu: Bata atajuaje?

Gugo: Wewe sikia. Hawa wametoka Urusi. Nimesoma. Wanakimbia baridi, wanaruka usiku na mchana bila kutua. Nusu ya ubongo inalala, nusu inaendesha.

Katibu: Kama dereva wa lori.

Mimi: Urusi gani? Mbona Melania mtunza bustani akiwasemesha Kisukuma wanakuja?

Gugo: Ndiyo hapo sasa. Jiulize wamejifunzia wapi. Na ule mluzi siyo mluzi, ni mawasiliano. Tangu wamekuja, simu hapa zinashika mtandao vizuri. Hujaona?

Katibu: Kweli. Juzi mwanangu wa Mwanza alinipigia.

Gugo: Umeona?

Katibu: Alikuwa hajapiga tangu Krismasi! Ama kweli, mgeni njoo mwenyeji apone.

Nikawaacha. Mtu mzima akishaamini bata ni mnara wa simu, wewe mwongezee kahawa tu.

Wa tatu hakuja kwa njia ya lango. Alitoka upande wa bwawa, amechutama-chutama kwenye majani, karai mkononi, suruali imeloa mpaka magotini. Huyo ni Makoye. Tunamwita Karasha, jina la ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kwa jinsi anavyotafuna kashata. Na hapa lazima nisimame nimweleze, kwa sababu habari yenyewe ni yake.

Makoye ni mtu wa Ushetu, huko kwenye tumbaku. Mwaka jana alimwacha mkewe na mimba changa akaenda upande wa Geita kuchimba. Wakachimba duara, yaani shimo lao la dhahabu, wenzake wanane na yeye wa tisa, miezi na miezi, halafu siku walipoanza kuona mawe yenye dalili, maji yakachomoza chini yakalijaza lote. Wakatoka salama, Mungu mkubwa. Lakini alichotoka nacho yeye ni begi, tochi ya kichwani na hilo karai. Akapanda basi arudi nyumbani. Basi lilipita Kahama, ambako ndiko alikotakiwa kushuka, na yeye hakushuka. Anasema alisinzia. Akashtukia yuko Shinyanga.

Hiyo ni wiki ya sita sasa anasinzia.

Analala kwa binamu yake kule nyuma ya soko, anabeba magunia asubuhi, mchana yuko kwenye benchi. Ukimuuliza unakwenda lini kwako, anakwambia: "Kwetu mtu akitoka Geita, watu wanakimbilia begi kwanza, ndipo wanamsalimia mwenye begi. Nitafungua zipu niwaoneshe tochi?" Na siku ya kwanza tu alipolisema hilo, Katibu akamwitikia kwa sauti ya msikitini: "Mkono mtupu haulambwi!" Nikamuona Makoye ameishika ile methali kama mtu aliyepewa risiti. Tangu hapo ndiyo jibu lake. Unarudi lini, Karasha? Mkono mtupu haulambwi.

Kuna siku aliniomba simu yangu abipu nyumbani. Ikapokelewa. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia mwanamke anasema haloo, haloo, na nyuma yake mtoto mchanga analia. Makoye akaitoa sikioni. Akakata, akanirudishia simu, akaenda kusimama bwawani mpaka nikafunga biashara. Ndivyo alivyojua kwamba mke amejifungua.

Basi sasa yuko mbele yetu na karai.

Katibu: Karasha, una nini humo?

Makoye: Shikamoo, mzee. Mavi ya bata.

Gugo: Ya nini?

Makoye: Naosha.

Jamani, nilikuwa nimeinua birika, nikalitua.

Mimi: Makoye, hapa watu wanakunywa!

Makoye: Kaka Masudi, nisikilizeni kwanza halafu mnicheke. Bata ana meno?

Katibu: Hana.

Makoye: Anasagaje chakula? Anameza vikokoto. Vinakaa kwenye firigisi, vinasaga. Sasa firigisi ni nini kama siyo karasha? Haya. Hawa kabla ya kuja hapa walikuwa wapi?

Gugo: Urusi.

Katibu: Ibadakuli.

Makoye: Walikuwa kwetu! Kwenye mialo, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu. Nimewaona kwa macho yangu alfajiri, nyuso hizi hizi nyeupe, wanachota mchanga ule ule tunaoupigania sisi. Mchanga unasagika, unatoka. Dhahabu je? Nzito. Haisagiki, haitoki, inakaa chini. Mwaka huu, mwaka ujao, inakaa tu. Firigisi ya bata mzee, ndugu zangu, hilo ni duara lililotema dhahabu!

Nikaona macho ya Gugo yameanza kung'aa, nikajua tumekwisha.

Gugo: Kisayansi inawezekana.

Katibu: Nilijua wale siyo bata wa hivi hivi. Ule unga usoni ule. Aliyeupaka hakuupaka bure, alikuwa anaficha kitu.

Mimi: Nani aliyeupaka?

Katibu: Mwenye mali! Mtu mkubwa, anasafirisha dhahabu kwa bata. Nani atamkagua bata kizuizini? Penye miti hapana wajenzi.

Gugo: Wanaruka juu ya vizuizi vyote. Nusu ya ubongo imelala, hata wakihojiwa hawajui kitu.

Makoye hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Wale wawili walikuwa wanajenga ghorofa la maneno, lakini yeye alichutama akawa anazungusha karai lake na maji ya bomba la bustani, taratibu, mviringo, anamwaga uchafu ukingoni kidogo kidogo, kwa mikono ya mtu anayejua kazi. Nikajikuta natazama. Wote tukatazama. Kikabaki kijiko kimoja cha mchanga mweusi. Na katikati ya mchanga, wallahi, kikamemeta kitu.

Makoye: Mnaona?

Gugo: Naona.

Katibu: Naona mpaka kilo zake.

Makoye: Kaka Masudi, nipe kijiko na moto. Dhahabu haiungui.

Nilitaka kukataa. Kijiko changu cha sukari! Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama sijawahi kuuona, nikampa. Akakiweka kile kipunje kwenye kijiko, akakishika juu ya makaa yangu. Vichwa vinne vikagongana.

Kipunje kikajikunja. Kikatoa moshi. Kikanuka plastiki.

"Hizo ni za harusi."

Aliyesema ni Melania mwenyewe, Mama Abel. Alikuwa amesimama nyuma yetu na fagio lake la chelewa, na sijui alisimama muda gani.

Melania: Jumamosi maharusi watatu walikuja kupiga picha hapa. Wapambe wakawamwagia zile zinazong'aa. Nafagia tangu jana haziishi, bata wanazidonoa. Na wewe Makoye, hilo bomba ni la maua.

Gugo akacheka mpaka akamwaga kahawa, na nilifurahi, maana sasa angenunua nyingine. Katibu akasema ajali haina kinga. Makoye yeye akakaa anakitazama kijiko. Halafu akaanza kutikisa kichwa polepole, na nikaona hajashindwa, ndio kwanza anapamba moto.

Makoye: Kosa langu. Haya ni marudio.

Katibu: Marudio ndiyo nini?

Makoye: Mchanga uliokwishaoshwa, ule wa kutupa. Mimi nimeosha kilichotoka. Nimewaambia mwenyewe, nzito haitoki. Iko ndani.

Gugo: Ndani ya firigisi.

Makoye: Ndani ya firigisi.

Katibu: Na supu inabaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wana mwezi!

Makoye akasimama. Akavuta gunia tupu alilokuwa amelikunja kwenye begi lake, maana begi lile analibeba kila mahali, kama mtu ambaye basi lake linaondoka sasa hivi. Akatazama kule kwenye majani marefu, upande wa pili wa bwawa, ambako Melania amesimika vijiti na kuzungushia miiba. Kila mtu anajua pale pana nini. Bata mmoja ametaga pale, mayai tisa, na anayeyaatamia hakimbii hata ukimsogelea hatua mbili. Bata wengine kumi huwezi kuwakamata. Huyo, mtoto wa darasa la kwanza angemkamata.

Melania: Makoye. Pale husogei.

Makoye: Mama Abel, mmoja tu.

Melania: Huyo mmoja ana tisa chini yake.

Makoye: Mayai sitayagusa. Mwenzake yupo.

Melania: Mwenzake hawezi peke yake. Nimewatazama wiki tatu mimi, ninyi mkiwa mnapiga domo. Wanapokezana. Huyu akikaa, yule anakwenda kula. Jioni jua likifika juu ya ule mti wa mwashoki, yule anarudi, huyu anatoka. Hawajakosa siku hata moja. Mvua ile ya mawe, walikaa. Ukimtoa mmoja, huyo atakayebaki ama afe njaa ama ayaache mayai yapoe.

Gugo: Hapo na dume linaatamia?

Melania: Dume ndilo hilo limekaa sasa. Au jike. Nani anajua, wamefanana. Wenyewe wanajuana.

Makoye: Mama Abel, nakuheshimu. Lakini wewe hujui. Wewe ukitoka hapa jioni unakwenda kwako.

Alisema hivyo kwa upole. Katibu akatazama kikombe chake.

Makoye: Nina mtoto sijui ni wa kike au wa kiume. Nikienda na huu mkono, nitamwambia mama yake nini? Nilikuwa wapi? Mkono mtupu haulambwi, mzee si ulisema?

Katibu: Nilisema.

Makoye: Basi.

Akaweka karai chini, akaanza kuzunguka bwawa na gunia lake. Melania akatupa fagio, akazunguka kwa upande wa pili, mbio, kanga inampepea, akafika kabla yake, akasimama mbele ya ile miiba. Mwanamke mfupi yule, anamfika Makoye kifuani.

Na mimi, Masudi, nilikuwa na jambo langu moyoni linanichoma kuliko makaa. Alhamisi iliyopita, ile namba iliyobipiwa ilinipigia. Mwanamke akaniuliza wewe ni nani. Nikamwambia Masudi wa kahawa, Shinyanga, kona ya bustani ya manispaa, tunapatikana kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Unajua mdomo wa mfanyabiashara. Akauliza, hapo kuna mtu anaitwa Makoye? Nikasema yupo, anatafuna kashata. Akasema "wabeja", asante kwa Kisukuma, akakata. Sikumwambia Makoye. Nilijiambia nitamwambia kesho, na kesho nikajiambia kesho.

Basi nilipoinua macho na kuona mwanamke kijana anavuka barabara kutoka upande wa stendi, mtoto mgongoni, mfuko wa rambo mkononi, anasoma kona kama anayetafuta nyumba, roho yangu ilijua kabla ya mimi.

Mwanamke: Mwadila.

Katibu: Mwadila, mayu. Karibu, kaa.

Salamu za Kisukuma zilipoisha, akakaa penye nafasi ya mtu wa nne. Taruma likamtosha. Vumbi lilikuwa limempiga mpaka kwenye kope. Nikammiminia kahawa bila kuulizwa, nikamsogezea kashata, nikafunua kawa kabisa. Gugo akanikodolea macho. Hajawahi kuona kawa imefunuliwa namna ile.

Mwanamke hakuwa anatutazama. Alikuwa anatazama ng'ambo ya bwawa, kwa yule mwanaume aliyetugeuzia mgongo na gunia mkononi, na yule mama mfupi aliyemzibia njia. Alitazama muda mrefu. Alimjua. Mtu humjua mtu wake kwa mabega.

Mwanamke: Pale kuna nini?

Gugo, kwa vile ameulizwa swali, akaamka kabisa.

Gugo: Pale, dada, ni kiota cha bata mwitu. Viumbe vya ajabu sana. Wanaatamia kwa zamu, baba na mama. Nimesoma.

Melania alikuwa amemwambia sasa hivi tu, lakini sawa.

Wakati huo huo ukasikika mluzi. Jua lilikuwa limefika juu ya mwashoki. Bata mmoja akatoka upande wa reli, akapita juu ya vichwa vyetu, akazunguka bwawa mara moja, akatua majini. Makoye akasimama pale pale. Yule bata akatoka majini akijitingisha, akapita baina ya miguu ya Melania na miguu ya Makoye bila kuwaomba njia, akaingia kwenye miiba. Aliyekuwa amekaa akainuka. Wakagusana shingo. Yule mpya akayakalia mayai, yule wa zamani akatoka kwenda kula.

Gugo: Umeona, dada? Huyo aliyekuja ndiye baba. Alikuwa safarini. Sasa anampokea mwenzake.

Mwanamke: Ee. Amemletea nini?

Gugo akafungua mdomo.

Katibu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Katibu. Watu waliojua bata wametoka Urusi, waliojua mwenye mali aliyewapaka unga, waliojua uzito wa firigisi, hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumemuona bata akishuka. Mdomo mtupu, miguu mitupu.

Sauti ya yule mwanamke haikuwa kubwa, lakini bwawa letu ni dogo. Makoye aligeuka. Gunia likamtoka mkononi.

Hakuja. Alisimama tu, anatikisa kichwa kana kwamba mtu amemuuliza kitu. Mwanamke akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akampakata. Kisha akaita, sauti ya mtu anayemwita mtu ukumbini kwake:

"Baba Nelly!"

Makoye akatazama nyuma yake. Wallahi alitazama nyuma, amtafute huyo anayeitwa.

Melania: Wewe ndiye! Unatafuta nani huko? Nenda!

Akaanza kuja. Melania akamdaka mkono.

Melania: Kanawe kwanza! Umeshika mavi kutwa nzima!

Basi akanawa. Bomba la maua, na Melania akampa kipande cha sabuni yake ya kufulia, akasugua mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akasugua tena, muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Alipofika mbele ya benchi alikuwa amenyoosha mikono mbele, mibichi, maji yanadondoka, kama mtu anayekuja kuonesha kwamba hakuiba.

Makoye: Violeth. Duara lilijaa maji.

Violeth: Nilisikia. Wenzako wa duarani walisema mwezi uliopita.

Makoye: Sina kitu. Begi lina tochi.

Violeth: Tochi tunahitaji.

Makoye: Nilitaka nipate kwanza...

Violeth: Nimekodi mtu wa kukausha tumbaku, nimemfukuza, anachoma majani. Nimezaa, kitovu kimepona, ametambaa. Wewe unangoja nini hapa?

Violeth alikuwa na hasira, na alikuwa na haki, machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akamsogeza mtoto mbele. Mtoto wa miezi saba au minane, mashavu tele, denda mpaka kifuani, meno yanamtoka. Akamkazia macho huyu mtu mrefu. Tulijua atalia. Watoto wa umri ule huwalilia wageni.

Makoye akanyoosha kidole kimoja, kwa woga, kama anayejaribu kama jiko lina moto. Nelly akakidaka. Akakigeuza akakichunguza huku na huku. Halafu akakitia kidole kile mdomoni, na kingine, akaanza kuvinyonya na kuvilamba kwa bidii zote, macho ameyafumba nusu, denda linamtiririka baba yake mpaka kwenye kiwiko.

Katibu akavuta pumzi. Tukamgeukia sote, Gugo, mimi, Melania aliyekuwa amefika na fagio lake, maana methali ya mahali pale tulikuwa tunaijua, na aliyeileta benchini ni yeye. Mzee akafungua mdomo. Akaufumba. Akavua kofia, akaishika mapajani.

Nikainua birika nimwongeze mgeni. Likatoa matone matatu, likaisha.